Mbuzi Wasio na Mdomo

Baba Dogo, Nairobi
12 Januari 2025

Kwa Baba mdogo Wathome,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye bado yuko mtaa wa Tena na bado anaimba kwaya ya kanisani ingawa daktari alimwambia apumzishe koo. Mama mdogo Kamene hajambo? Na nyanya Kavinya bado anafukuza kuku kwa ile bakora uliyomchongea? Huku sisi ni wazima. Mvua hakuna, vumbi lipo, maji yanakuja yakitaka.

Nakuandikia kwa sababu simu ulinikatia. Nilifika kwenye neno "sigara" tu, laini ikafa. Karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi, na Ndete ameahidi kwamba kila lori lake la mchanga likija Nairobi atabeba barua zetu chini ya kiti. Basi kaa, usome mpaka mwisho.

Nimeacha kazi kiwandani. Najua mama alishakwambia, na najua alilia. Miaka yote hiyo nilisimama mbele ya mashine nikitoa vifuniko vya ndoo. Sasa nina meza yangu hapa Baba Dogo, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya duka la vipuri, na natengeneza vepu. Ndiyo, zile sigara za betri ambazo watu wanapuliza moshi unaonukia maembe. Usiikunje karatasi bado.

Vepu zinazouzwa mitaani ni za kutupa. Betri yake ni ndogo kama kidole cha mtoto. Ikiisha, mtu anaitupa mtaroni, ananunua nyingine. Nimezifungua nyingi, na nakwambia upuuzi huu hautadumu. Betri nzima kabisa inatupwa kwa sababu tu hakuna pa kuichajia! Watu watachoka. Si muda mrefu kila vepu itakuwa na betri kubwa, ile nene inayotoka kwenye laptop zilizokufa, ambayo unaichaji mwaka baada ya mwaka na ikichoka unaitoa na kuweka nyingine. Hiyo ndiyo itakuwa kawaida, na mimi nataka wanikute nimeshafika.

Betri kubwa inataka kasha imara. Plastiki imenitosha. Nataka mpingo, na nataka mkono wako. Mchoro umo ndani ya bahasha. Ukikataa, kibanda changu kinafungwa, kwa sababu wateja nimeshawaambia kwamba makasha yangu yanachongwa na Wathome wa Wamunyu.

Mwana wa ndugu yako,
Nthoki


Wamunyu
9 Februari 2025

Mwanangu Nthoki,

Barua nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoniamuru. Sisi ni wazima. Nyanya yako amemaliza kuku, sasa anafukuza wajukuu. Kamene anakusalimu na anauliza kama hao wachumba wako wa Nairobi nao ni wa kutupa.

Mimi nimechonga twiga, simba, vifaru, na wazee wa mikuki kwa ajili ya watalii ambao hawajawahi kumwona mzee mwenye mkuki. Nimechonga hata meno ya bandia ya mbao, kwa mzaha. Sijawahi kuchonga kitu cha kuingiza moshi kifuani mwa mtu, na sitaanza uzeeni.

Muindi alikuwa baba yako, lakini alikuwa kakangu kabla hajawa baba yako. Ulikuwa mdogo, pengine umesahau sauti ya kifua chake. Mimi sikusahau. Tulikuwa tunamlaza ameketi, mito mgongoni, kwa sababu akilala chali alikuwa kama mtu anayezama. Sigara ndizo zilizommaliza, asije mtu akaniambia vingine. Leo binti yake ananiandikia kuhusu ukubwa wa betri! Betri itakua, mwanangu. Ikue hata iwe kama gogo. Mapafu ni yale yale mtu aliyozaliwa nayo, na hayana chaja.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Liandike kwenye mabati ya kibanda chako.

Halafu nikuulize, maana barua yako ndefu imeliruka jambo hilo: wewe mwenyewe unavuta?

Baba yako mdogo,
Wathome


Baba Dogo
23 Februari 2025

Baba mdogo,

Hujambo na nyumba yako yote. Mama amepona koo, ameharibu sikio langu. Mwambie mama mdogo Kamene kwamba wachumba wapo, ila hakuna aliyekuja na dhamana.

Hapana yako nimeipata. Imekuja na vumbi. Nilipoikunjua, unga mweusi wa mpingo ulimwagika mezani kutoka kwenye mikunjo ya karatasi. Kumbe bado unachonga bila kufunga kitambaa puani! Mama anasema Kamene amemwambia unakohoa mpaka tezo inakuponyoka. Kifua chako kinasemaje? Hilo nalo barua yako imeliruka.

Sauti ya baba sikuisahau. Hakuna siku naisahau. Wanaokuja kwangu ni watu wazima waliovuta sigara tangu zamani. Mwanafunzi akija namfukuza, hata kama sare ameificha kwenye begi. Sisemi vepu ni dawa, usiniwekee maneno mdomoni. Nasema watu watavuta, nawe ukipenda ukasirike, na mimi nitawatengenezea kitu kisichotupwa mtaroni.

Kimani, mwenye duka la vepu pale Tena, amenicheka mbele ya wateja. "Nthoki, hiyo yako ni rungu. Watu wanataka kitu ya kuficha kwa ngumi." Nikamwambia, "Ngoja tu. Hizo zako zitakufia kwa shelfu, utakuja Baba Dogo kuniomba."

Hutaki? Sawa. Kuna fundi soko la Gikomba anayechonga miiko. Amesema atatumia mwembe, apake kiwi nyeusi ya viatu, na hakuna atakayejua tofauti. Nitamwambia aandike "Wamunyu" kwa chini.

Na ukibadili mawazo, angalia mchoro vizuri. Chini ya kasha kuna tundu dogo. Betri ikipata joto inatoa hewa, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Tundu hilo usilisahau.

Nthoki


Wamunyu
20 Aprili 2025

Nthoki,

Mwembe! Na kiwi! Na jina la Wamunyu kwa chini!

Huku mvua imenyesha vizuri, mbaazi zimeota, nyanya yako ameanguka bombani lakini ameinuka akimtukana aliyeweka bomba. Leo Pasaka tumekula mbuzi. Kamene alinishonea shati jipya, sijalivaa.

Makasha yako yamo kwenye gunia, chini ya mbaazi kavu alizokuwekea Kamene. Ni mpingo wa kweli, ule niliokuwa nimeuficha juu ya dari tangu zamani. Usidhani umenishinda. Nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa nachonga vizuri. Yashike uone. Mwambie yule wa miiko ayashike pia, halafu arudi kwenye miiko yake.

Mchoro wako ulikuwa na kasoro moja, nimeirekebisha bila kukusumbua.

Kifua ni changu, nakijua mwenyewe. Wewe swali langu hukulijibu.

Wathome


Baba Dogo
18 Mei 2025

Baba mdogo,

Salamu zitakuja mwishoni, kama nitakuwa nimetulia.

Yuko mtu anaitwa Bwire, mpakiaji mizigo pale kiwandani nilipokuwa. Ndiye aliyenunua kasha la kwanza, na alilionyesha kila mtu. Juzi akiwa kazini alilitia kwenye mfuko wa shati. Betri ikapata joto. Akahisi kifua kinaungua, akalichomoa, akalitupa kwenye sakafu ya saruji, likapasuka kwa kishindo mpaka msimamizi akadhani ni tairi ya lori. Alikuja kibandani ameshikilia shati.

"Madam, hii kitu yako ilitaka kuniua, haki ya Mungu. Cheki shati. Na kama ningekuwa nimelala nayo?"

Ngozi ya kifua imebabuka. Mungu amesaidia, si sana. Nilimpeleka zahanati mwenyewe.

Niliporudi nilipasua kasha jingine nikatazama. Tundu lilikuwepo. Ulilitoboa, halafu ukaliziba kwa nta na unga wa mpingo, ukapiga msasa hata ukucha haushiki. Nikapasua la pili. Hivyo hivyo. Yote umeyaziba! Hiyo ndiyo kasoro uliyorekebisha. Sasa shati la Bwire lina tundu na makasha yako hayana.

Uliniambia hapana. Halafu ukasema ndiyo, na hapana yako ukaificha ndani ya ndiyo. Kama ulitaka kibanda changu kife, ungesema, tukagombana kama watu. Kwa nini hapana yako uniletee kwa kifua cha Bwire?

Nimeyarudisha yote kutoka kwa wateja. Nakutumia kasha ninaloonyesha watu hapa mezani, mdomo wake wa kuvutia ukiwa juu yake. Tundu nimelizibua mwenyewe kwa msumari wa moto, ujionee lilivyotakiwa kuwa. Hilo unaweza kukaa nalo.

Kibanda sifungi. Hata ukiziba mlango kwa nta.

Salamu kwa nyanya na mama mdogo. Zako bado.

Nthoki


Wamunyu
27 Julai 2025

Mwanangu,

Nyanya yako hajambo. Kamene hajambo. Lori la Ndete lilivunjika ekseli, ila hata lingekuwa zima nisingeandika. Nilikuwa na hasira, kisha nikawa na aibu, kisha hasira ikarudi.

Unaweza kuniita mkaidi, mzee wa kale, lolote. Lakini kunidhania kwamba ningemchoma mtoto wa mwenzangu kwa makusudi, tena kwa mkono huu? Hilo limeniuma, na nitalisema mpaka nife.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Hapa kwetu kinyago chenye tundu ni kinyago chenye dudu. Mnunuzi akiona tundu la pini anarudisha mzigo wote, na jina lako linakwenda nao. Tangu ujana tumefundishwa: ukiona tundu, nta, unga, msasa, kimya. Niliyatoboa makasha yako kama ulivyochora. Kisha nikayapanga juu ya meza, nikayaona yale matundu yananitazama, mkono ukashindwa kuvumilia. Niliposoma kwamba betri inatoa hewa nilicheka. Nilisema, betri si mtu, inapumua nini? Basi inapumua. Nimekosea, na nimekosea kama fundi, si kama adui.

Shati lililomo kwenye gunia ni lile la Pasaka. Mpe Bwire. Mwambie mzee aliyelitoa hajalivaa hata mara moja.

Sasa tuje kwenye lile kasha ulilosema ni la kuonyesha wateja. Mdomo wake una alama za meno. Meno mawili ya juu, na kati yake mwanya. Penseli zangu zote za kupimia ulizitafuna hivyo hivyo ulipokuwa unacheza chini ya meza yangu. Mwanya huo ulikuwa wa Muindi kabla haujawa wako. Nilikaa nalo mkononi hadi Kamene akaniita kula, sikwenda.

Swali langu sitaliuliza tena.

Nimekuchongea makasha mapya, kwa sababu sitaki ya yule wa miiko yapate nafasi. Chini ya kila moja kuna kichwa cha mbuzi. Tundu tupu siwezi kuliacha kwenye mpingo, lakini pua naweza. Pua zote ziko wazi mpaka kwenye betri, nimezipuliza moja moja mpaka nikaona nyota. Mdomo sikuwapa. Wala huko juu, mahali ulipochora pa kuvutia, sikupatoboa. Nimekuachia mti mzima. Drili zimejaa Baba Dogo. Ukitaka kutoboa, toboa. Utatoboa kwa mkono wako, si wangu.

Wathome


Baba Dogo
28 Septemba 2025

Baba mdogo,

Salamu zako hizi hapa, na zile za Mei ambazo nilikunyima. Mama ni mzima, wamempa uongozi wa kwaya na sasa hakuna anayepumzika. Bwire amepona. Shati linambana tumboni lakini analivaa kanisani, na anasema mzee aliyeshonewa ana mabega.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakuchukia. Drili niliichukua siku ile ile gunia lilipofika. Nikambana mbuzi wa kwanza mezani, nikawasha mashine, na yule mnyama akawa ananitazama na pua zake. Nikazima. Kesho yake hivyo hivyo. Nilikutukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na kwa kile cha mtaani ambacho usingekielewa.

Kisha akaja Falis. Ananunua mbuzi soko la Kiamaiko, na alikuwa ameleta tochi yake iliyokufa niitazame. Kule mbuzi hununuliwa alfajiri kabla jua halijatoka, na mnunuzi lazima amfungue mdomo amulike meno, ndipo ajue umri. Akaokota kasha lako, akaligeuza.

"Nthoki, hii mbuzi imeumbwa aje? Haina mdomo. Ntajua miaka yake aje?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, na Falis akasubiri, akidhani ni mambo ya tochi.

Nimetoboa, Baba mdogo. Nimetoboa pale pale juu ulipokataa. Nilichoweka hapo ni taa. Betri kubwa ndani, pua zinapumua chini, na haipati joto. Nimeikalisha imewaka tangu asubuhi mpaka jioni. Falis aliondoka nayo, wiki iliyofuata akarudi na wenzake wanne. Sasa wapimaji wa meno pale Kiamaiko wananiuliza mbuzi wengine watakuja lini, kwa hiyo noa tezo.

Usidhani umenishinda. Kimani amepokea vepu mpya: bado ni za kutupa, betri bado ni kidole cha mtoto, ila zimetobolewa pa kuingiza chaja. Anasema, "Si hiyo ndiyo ulitaka? Hii sasa ndio kawaida." Mimi nimemwambia hiyo ni kujikuna tu, si kupona, betri kubwa zinakuja, na ninalolisema leo ndilo nililolisema Januari. Sijapunguza neno. Nilikosea kitu kimoja: nilidhani lazima nizingoje nikiwa nimeng'ata vepu mdomoni.

Lile kasha la kuonyesha wateja usilirudishe. Mpe mama mdogo alitie kwenye moto wa jikoni, ila betri uitoe kwanza. Ndilo jibu la swali usilouliza tena.

Ndani ya katoni kuna feni. Nimeiunda kwa betri zile zile kubwa, na nyuma yake nimeshonea mfuko wa kitambaa. Iweke kando ya gogo unalochonga, itavuta vumbi kabla halijafika puani kwako. Barua yako ya Julai ilimwaga unga mwingi kuliko ile ya Februari. Usiniambie kifua ni chako. Hata cha Bwire kilikuwa chake, na tulikiunguza sisi.

Ukiiweka juu ya dari kama ulivyoweka mpingo, nitajua.

Nthoki


Wamunyu
19 Oktoba 2025

Mwanangu Nthoki,

Feni yako inapiga kelele kama nyuki waliokasirishwa. Nyanya yako anaipenda kwa sababu inafukuza kuku bila bakora. Kamene anaipenda kwa sababu nguo kwenye kamba hazigeuki nyeusi tena. Mimi sikuiomba, na wachongaji wenzangu wananicheka kwamba nimeoa mashine. Wacheke.

Lile kasha Kamene alilitia jikoni. Mpingo unaungua polepole sana, ulichukua jioni nzima, na nilikaa hapo mpaka ukaisha. Betri niliitoa. Sasa iko ndani ya feni.

Mbuzi wengine wamo kwenye gunia. Wale wa Kiamaiko waambie mdomo hawatapata.

Bado nasema mapafu hayana chaja, nawe bado sema lako, tutaona nani atachoka kwanza. Kuhusu kifua changu sina la kukuandikia. Ila karatasi hii nimeiandikia na kuikunjia juu ya meza ya kuchongea, katikati ya kazi, mpingo ukiwa mkononi na feni ikivuma kando. Ikung'ute uone.

Baba yako mdogo,
Wathome